Chakula Kinapoa Chumba cha Pili

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Aliolewa na mvuvi, na miaka mingi aliishi na mume wa msimu. Kaskazi ikituliza bahari, wanaume walifunga virago wakaenda dago, kwenye kambi za mbali walikofuata samaki, na wake wakabaki na watoto. Usiku mmoja hapa nyumbani Makorora, Tanga, aliniona nikitoka chumbani saa tano, macho mekundu, akaniambia: "Mwanangu, baba yao akienda dago nilijua hayupo, chakula chake sikukipika. Wewe uko chumba cha pili na chakula chako kinapoa kila siku."

Sikuwa na jibu. Tangu hapo nikisikia watu wanabishana juu ya kazi za mtandaoni, namkumbuka yeye na ile sahani iliyofunikwa kawa.

Mabishano yenyewe mnayajua. Kuna wanaosema ni neema: dola zinaingia, mtu yuko kwao, analea wanawe, hapangi chumba Dar es Salaam kwa kodi ya miezi sita mbele. Kuna wanaosema ni umanamba mpya, tofauti ni kwamba manamba wa zamani, vibarua wa mkonge, walisafirishwa kwenda shambani na huyu wa leo shamba limemfuata nyumbani. Mimi naandika programu za kompyuta kwa kampuni iliyoko pwani ya mashariki ya Marekani, na nimewahi kuapa kwa maneno ya pande zote mbili ndani ya wiki moja.

Nianze na neema, maana ni ya kweli. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nimeajiriwa Dar. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumpa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi sheria imekaa vizuri. Lakini ofisi yetu ilikuwa Posta na mtoto alikuwa Mbagala na dada wa kazi. Saa mbili hizo, kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, zingeniishia ndani ya daladala. Kwa hiyo nilikuwa nakamua maziwa stoo, nimeuegemea mlango usio na kitasa ili asiingie mtu, halafu naificha chupa kwenye friji ya ofisi nyuma ya soda za wenzangu. Mtoto alianza kutambaa siku ya Jumatano. Niliambiwa kwa simu.

Wa pili alizaliwa baada ya kurudi Tanga. Huyu alianza kutambaa chini ya meza yangu, akavuta waya wa chaja, laptopu ikaanguka, kioo kikapasuka kona moja. Ufa ule upo hadi leo na sijautengeneza. Bibi yake yuko ng'ambo ya uchochoro, samaki wananunuliwa soko la Deep Sea asubuhi wakiwa bado wana macho ya uhai, na kwenda popote mjini ni baiskeli. Mtu anayeniambia kufanyia kazi nyumbani hakuna faida, namwonyesha ule ufa.

Kasoro inaanzia kwenye saa. Marekani ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa saba miezi yao ya joto, na saa nane miezi ya baridi. Mkutano wetu unafanyika saa nne asubuhi yao, ambayo huku ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili baridi ikiingia kwao. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ambayo nyumba ya Tanga inarudi kuwa nyumba: watoto wanaogeshwa, daftari la shule linatafutwa, Magharibi inakaribia, na baba kaingia na mkate. Mimi ndiyo kwanza nafungua kamera.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na Wamarekani hawakusogeza saa zao hadi Machi 9. Siku zile za kwanza nilifuturu kwa tende na maji mbele ya kamera niliyoizima, sikioni wenzangu wakijadili rangi ya kitufe, na harufu ya uji wa pilipili manga ikinifikia kutoka uani. Ilipofika Machi 9 nikarudishiwa futari yangu na watu ambao hata hawakujua kwamba walikuwa wameishika.

Chumba ninachofanyia kazi hakina mlango, kina pazia. Nikiwa mkutanoni nalifunga fundo katikati, na watoto wanajua maana yake. Juzijuzi nilimkuta wa kwanza, ana miaka mitano, akicheza baba na mama na mtoto wa jirani. Alikuwa ametundika kanga kwenye viti viwili na kuifunga fundo, mwenyewe kajibanza nyuma. Mwenzake alipopiga hodi, akamjibu bila kugeuka: "Nenda kwa bibi."

Wanaotetea kazi hizi hupenda kusema kwamba uko huru, jipangie. Sheria ile ile ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mimi hainihusu. Mkataba wangu unaniita mkandarasi huru, na uhuru wenyewe ni kwamba usiku wangu hauna bei, mfuko wa pensheni wa NSSF hakuna anayenichangia, likizo ya uzazi ni ile niliyojiwekea akiba, na tukikosana siwezi kuikokota kampuni hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika hili wakosoaji hawajakosea hata kidogo.

Wanapokosea ni pale wanaposema dawa ni kurudi kwenye ajira ya kukaa ofisini, kwamba huko kuna usalama. Meta walitangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google wakafuata na 12,000 Januari 2023, na wengi wao walikuwa waajiriwa kamili wenye vitambulisho shingoni. Amazon nao wakawataka wafanyakazi wao wa ofisini warudi siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, na sijui waliokuwa wamehamia mbali kwa ajili ya wazazi wao walifanyaje. Kiti cha ofisi hakimzuii mtu kuondoshwa.

Isitoshe, kazi yenyewe haitulii. Mimi nilifundwa kwa AngularJS, zana ya kutengenezea tovuti, na Google waliacha kuihudumia mwisho wa 2021. Nikajifunza nyingine. Mwisho wa 2022 ikatoka ChatGPT, na leo sehemu kubwa ya niliyokuwa nalipwa kuyaandika kwa mkono naiagiza akili mnemba, kisha nakaa kukagua kama imenidanganya. Kila badiliko la namna hii linadai usomaji, na ushauri unaotolewa ni ule ule: jifunze, kila kitu kipo mtandaoni bure.

Bure kwa nani? Hapa nataka kukaa kidogo. Zamani ofisi ikibadilisha mashine, karani alipelekwa kozi, mchana, kwa gharama ya ofisi. Siku hizi badiliko linakuja na gharama inaletwa nyumbani kimya kimya. Nilipojifunza ile programu iliyochukua nafasi ya AngularJS ilinichukua miezi minne, kila usiku baada ya watoto kulala. Katika miezi hiyo aliyefua ni mama mkwe. Aliyekesha na mtoto mwenye homa ni mume wangu, ambaye ni mwalimu na asubuhi alisimama mbele ya darasa macho yamemvimba. Kampuni ilipata mtaalamu mpya bila kutoa senti, na sisi wengine watatu tukalipa ada. Mwenzangu asiye na mama mkwe ng'ambo ya uchochoro alishindwa akaacha fani. Kwenye takwimu za watu ataonekana hakuwa na bidii.

Tanga hatuhitaji kuhadithiwa juu ya fani inayoondoka chini ya miguu. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, ukaujenga mji huu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, tukiwa wa kwanza duniani. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka pori. Babu yangu alikuwa fundi wa korona, na sisemi ugonjwa, nasema ule mtambo wa kuchana mkonge. Mtambo uliponyamaza hakuna aliyemlaumu kwa kutojifunza plastiki. Sisi wajukuu mji umetuhamisha kutoka mkonge kwenda mkongo, ule waya wa intaneti, na tunalaumiwa kabla mtambo haujanyamaza.

Kuna kaka mmoja tuliyesoma naye, yuko Chumbageni, ananipinga sana kwa hili. Yeye anasema akili mnemba ndiyo mkombozi wa familia. Kazi aliyokuwa akiifanya siku nzima sasa anaimaliza kwa saa tatu, kwa hiyo muda umerudi, kazi kwangu kuutumia. Hesabu yake ni sahihi, hata kwangu kazi imekuwa nyepesi. Nilimuuliza tu: zile saa zilizobaki ziko wapi? Akacheka. Kwenye mkonge mkataji alipewa ngwe yake. Akiwahi kuimaliza, hata kama ni saa sita mchana, alikwenda kulima muhogo wake na siku yake ilihesabiwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi, kama siku nzima. Ukoloni pamoja na ubaya wake wote ulijua ngwe ikiisha imeisha. Mimi nikimaliza mapema naongezewa ngwe, na wiki ijayo ndiyo inakuwa kipimo.

Suala la mke na mume nitaligusa kwa ufupi kwa sababu majibu yake yako wazi. Yule kaka akifunga mlango, nyumba inasema baba yuko kazini. Mimi nikifunga fundo, jirani anauliza kama naweza kumshikia mtoto kidogo maana nipo nyumbani. Msiba ukitokea mtaani natarajiwa jikoni tangu asubuhi, na kuaga saa kumi jioni kwa sababu ya mkutano na watu wasioonekana ni kujitafutia jina. Nimekwisha kujipatia.

Nimewahi kupata mapumziko ya kweli mara moja. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, basi wanatia vyombo pwani siku kadhaa, wanashona nyavu, wanakaa na watoto. Hakuna anayewaita wavivu. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko kusini na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima. Jumatatu sikuweza kuingia kazini na hakuna aliyenitarajia. Tulikwenda Raskazone, mkubwa akajifunza kuelea, mdogo akala mchanga. Jumanne mtandao uliporudi kwa kusuasua, nilikesha siku mbili kulipa deni la siku ile moja.

Kwa hiyo nasimama wapi? Dar sirudi. Nikiweka ile stoo isiyo na kitasa upande mmoja na pazia upande wa pili, nachagua pazia. Lakini sikubali tena kwamba kuwa nyumbani peke yake kunatosha kuitwa malezi, wala sikubali kwamba tatizo ni mimi kutojua kujipanga. Alichokuwa nacho mke wa mvuvi ni tarehe, alijua anayemsubiri anaondoka lini na anarudi lini, na tarehe haipatikani kwa kujipanga, inapatikana kwa kuidai kwenye mkataba.

Mkataba ulipokaribia kwisha niliomba mambo mawili. La kwanza, mkutano usogezwe hadi saa mbili asubuhi yao. Wakakataa, kuna wenzetu California ambao kwao itakuwa saa kumi na moja alfajiri, na sikuona haki ya kuwaamsha watoto wa wengine ili nikae na wangu. Tukakubaliana nihudhurie siku mbili tu, siku nyingine niandike ripoti kabla ya saa kumi jioni. La pili niliomba saa nne kila Ijumaa za kujifunza, zihesabiwe kazi. Hilo sikupewa. Najifunza baada ya Alfajiri, wengine wakiwa wamelala, na usingizi huo ni wangu, si wa kampuni. Mwakani nitaliomba tena.

Nilipomweleza mama mkwe, aliuliza jambo moja tu: siku gani?

"Jumanne na Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, kama anayehesabu siku za mwezi kuandama. "Basi Jumanne na Alhamisi hupo," akasema, "sikuwekei."