Kitabu Kimoja, Tendo Moja

Kila mwaka ukielekea ukingoni, watu huanza kutangaza idadi ya vitabu walivyomaliza. Hamsini, mia, wengine na zaidi. Sina ugomvi na mtu anayesoma sana. Ningependa tu kumuuliza: kuna jambo gani unalifanya siku hizi ambalo mwaka jana hukulifanya, na ulilitoa kitabuni? Wengi hubabaika hapo, na wala si kwa uvivu.

Kwa maoni yangu, tunabeba mafunzo mengi mno kwa mkupuo. Kitabu cha maarifa, kiwe cha fedha, afya, malezi au uongozi, huja na mapendekezo lukuki, na msomaji hukifunga akiwa amepandwa na mori wa kubadili kila kitu kuanzia Jumatatu. Jumatatu inafika, kazi ni zilezile na uchovu ni uleule. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na mawili.

Kupigia mistari sentensi tamu nako hakutuvushi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujifunza, na hiyo wakaiweka katika kundi la manufaa madogo. Zilizopanda juu ni kujiuliza maswali ukiwa umefunga kitabu, na kurudia ulichosoma kwa vipindi vilivyoachana. (Mimi bado napiga mistari, kalamu mkononi hunizuia kusinzia.)

Chukua ushauri ambao vitabu vya uongozi havichoki kuutoa: sikiliza kwanza. Nani ataupinga? Shida yake ni kwamba haukuambii uanze saa ngapi, na nani, wala ufanye nini hasa. Mimi niliupunguza hadi ukabaki hivi: mwenzangu akimaliza kutoa hoja kikaoni, namuuliza swali moja kuhusu hoja hiyo kabla sijatoa yangu. Basi. Swali lenyewe halina ufundi wowote: "Unaposema gharama zitapanda, ni gharama za nini?" Mara nyingi jibu linalokuja silo nililokuwa nimejiandaa kulipinga. Niliyedhani anaukataa mradi mzima, kumbe wasiwasi wake ni usafiri tu, na usafiri tunaumaliza kwa dakika chache. Kuna siku zoezi hili linachosha, hasa ukikutana na msemaji anayezunguka mbuyu. Na kuna vikao vinavyotaka uamuzi wa haraka, ambapo swali langu lingekuwa kero. Hapo naliacha.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliifafanua mbinu ya namna hii katika makala yake ya mwaka 1999: mtu apange mapema kwamba likitokea jambo fulani, atafanya jambo fulani. Mpango wa hivyo hutekelezwa kwa urahisi kuliko azma ya jumla, kwa kuwa tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha.

Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwandishi Mmarekani wa karne ya 18, aliligundua mapema hili la kushika jambo moja kwa wakati, angalau kwa sehemu. Alijiandikia maadili 13, lakini hakuyashika yote kwa pamoja. Kila wiki aliweka mkazo kwenye adili moja, akiweka alama katika daftari dogo kila alipoteleza, na mzunguko ukiisha anaanza upya, mara nne kwa mwaka. Yeye mwenyewe alikiri kuwa utaratibu, yaani kuweka vitu na shughuli mahali pake, ndio uliomsumbua kuliko mengine. Ningesema hata wiki moja ni haraka mno.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amejichagulia tendo dogo la kufanya kila siku katika mazingira yaleyale. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2010, muda wa kati wa tendo kuzoeleka hadi kufanyika bila kufikiri ulikadiriwa kuwa siku 66, ila tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Wale wanaouza dai kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 wana kazi ya kujieleza. Jambo jingine lililonifurahisha humo ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea. Ukikosa leo, endelea kesho. Hakuna haja ya kungoja Jumatatu nyingine.

Vilevile, si kila fundisho linastahili kujaribiwa. Mwandishi anayesisitiza uamke saa kumi na moja alfajiri huenda hana mtoto mchanga wala zamu ya usiku. Ushauri wake una mazingira yake, na msomaji ana haki ya kuupima kabla ya kuubeba. Hata nililolibeba likikaa miezi kadhaa bila kuleta tofauti yoyote, naliacha bila kumwonea haya mwandishi, hata kama kitabu chake kimeuza mamilioni.