Ng'ombe wa aina nne na ua la Kanada

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa watumiaji wa R na Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, hapa Dar es Salaam, nikarudi nyumbani na hasira ambayo hata wali wa nazi haukuituliza. Sikuudhiwa na kuchelewa kuanza, kwa maana hilo tumekwisha kulizoea, wala na projekta iliyokataa kata kata kuitambua kompyuta ya mwasilishaji. Kilichoniudhi ni ua.

Wenzangu wa mikutano hii mnalijua: iris, jedwali la data la kufanyia mazoezi, mistari 150, aina tatu za ua hilo, urefu na upana wa petali na sepali. Aina mbili kati ya hizo mtaalamu wa mimea Edgar Anderson alizichuma katika rasi ya Gaspé, Kanada, kisha mwanatakwimu Ronald Fisher akazitumia katika makala yake ya mwaka 1936. Zaidi ya miaka 80 baadaye, ukumbi mzima wa vijana wa Dar es Salaam, ambao sidhani kama yupo hata mmoja aliyewahi kulinusa ua hilo, ulitumia asubuhi yote kuchora vidoa vya rangi tatu ili kuitenganisha aina iitwayo setosa na ile iitwayo virginica. Baada ya chai tukahamia orodha ya abiria wa meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912, tukatabiri abiria yupi angezama. Mwaka jana pia tulitabiri. Wamekwisha kufa, jamani.

Wakati wa maswali, kijana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. Baadaye alinieleza kwamba anashughulikia takwimu za mifugo katika halmashauri moja na kwamba alikuwa amesafiri kutwa nzima kwa basi ili awahi mkutano huo. "Samahani, kaka," alimwambia mwasilishaji, "mimi nikihesabu ng'ombe wangu kwa kila kijiji, R inaniletea ng'ombe wa aina nne. Nifanyeje?" Watu wakacheka. Mwasilishaji akasema swali ni zuri ila liko nje ya mada, kwa hiyo wangeonana pembeni. Hawakuonana.

Mimi nilionana naye, kwenye ngazi, kompyuta mpakato ikiwa magotini. Katika safu ya aina ya mnyama, afisa mmoja alikuwa ameandika ng'ombe kwa kile kialama kilichonyooka; wa pili aliandikia kwenye programu inayokipinda kialama hicho bila kumwuliza mtu; wa tatu alikiacha kabisa, akapata ngombe; wa nne alianza kwa herufi kubwa. Kwa macho yetu huyo ni mnyama mmoja, lakini kwa kompyuta ni wanne wasiojuana, na kila mmoja ana jumla yake. Tuligeuza herufi zote kuwa ndogo, tukaviondoa vialama vyote vya aina hiyo kabla ya kuhesabu, na kazi ikaisha hata chai yangu haijapoa. Kijana akaitazama jumla mpya kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama taarifa alizokwisha kuzituma mwaka huu nazo zilikuwa hivyo. Zilikuwa hivyo.

Sasa naomba nielezwe: kama hilo liko nje ya mada, mada ni ipi? Data zetu zina maradhi yake, na maradhi hayo hayamo katika ua la Gaspé. Nimewahi kupewa faili la zahanati ambamo muuguzi, kama Mswahili yeyote mwenye akili timamu, aliandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, kompyuta ikaielewa kuwa saa tisa usiku, na mchoro ukaonyesha wanakijiji wakipanga foleni gizani kupima malaria. Ukiziunganisha sensa za 2012 na 2022 kwa jina la mkoa pekee, utaona Mbeya imeshuka kutoka watu wapatao milioni 2.7 hadi milioni 2.3, na usipokumbuka kwamba Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 utaanza kuandika ripoti kuhusu janga ambalo halikutokea. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele mara tu faili linapofunguliwa. Mtu anayejifunza kwa data zilizokwisha kuoshwa na wengine anarudi ofisini akijua kujenga modeli ya kutabiri, ilhali hawezi kuhesabu ng'ombe.

Nakiri, shingo upande, kwamba iris ina faida zake: imo ndani ya R yenyewe, haili bando, na anayeanza hapaswi kutishwa siku ya kwanza. Nakiri pia kwamba tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hakuna mwenye busara atakayeleta majina ya wagonjwa ukumbini. Hata hivyo, majedwali ya sensa yako hadharani, na ng'ombe hawana faragha ya kulindwa.

Kuhusu kuendesha mkutano wote kwa Kiingereza mbele ya watu waliokuwa wakitaniana kwa Kiswahili mlangoni, nitaandika siku nyingine, nikiwa nimetulia.

Jumatatu niliwaandikia waandaaji nikiomba nusu saa katika mkutano ujao, tulisafishe faili la mifugo pamoja, hatua kwa hatua, huku yule kijana mwenye faili akiwepo na akiwa ameliridhia jambo hilo. Walijibu kwa adabu nyingi siku hiyo hiyo. Wamelipenda sana wazo hilo, wakaniomba jambo moja tu: nihakikishe data ni safi kabla ya kuja nazo.