Pretzeli Bila Mayai, Sufuria Bila Alumini

Wajerumani walipoondoka Mwanza walituachia Jiwe la Bismarck. Mkate wao wa kupinda, pretzeli, wakabeba. Sasa anayeutaka aukande mwenyewe, na kama ndiyo kwanza anaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, ajiandae kuitiwa kikao cha ukoo. Kuacha sato mji huu? Hata mchicha unaungwa na dagaa! Heri aanze na siku mbili kwa wiki, ajaze sahani choroko, dengu na karanga, na akishaacha kabisa atafute vidonge vya vitamini B12, maana kwenye majani hiyo haimo.

Donge lenyewe halina matata. Unga wa ngano nusu kilo, maji ya uvuguvugu mililita 280, hamira gramu 7, chumvi gramu 10, kijiko cha sukari, mafuta ya alizeti vijiko viwili vikubwa. Ukipenda majarini, vaa miwani usome lebo: nyingine zina maziwa, na wameyaandika kwa herufi za sisimizi. Kanda dakika 10, donge liwe gumu kuliko la chapati. Joto la hapa halina subira, kwa hiyo achana na saa. Likishakuwa mara mbili, limeumuka. Ukilisahau litanuka pombe.

Kata vipande vinane, viringisha kila kimoja kiwe kamba ya sentimita 60. Mezani usimwage unga, kamba itateleza tu isirefuke. Ikijivuta kurudi, usigombane nayo. Funika dakika 10 ilegee. Ipinde kama herufi U, sokota ncha mara mbili, zirudishe chini uzibandike kwenye mpindo kwa tone la maji. Kisha friji nusu saa, bila kufunika, ngozi ikauke isije ikakunjamana kwenye maji ya moto. Hapo ndipo umeme unapokatika. Sijui nani huwapigia simu.

Kasheshe ni kuchemsha. Bekingi soda gramu 60 kwa lita mbili za maji yanayotokota, kila pretzeli sekunde 30, opoa kwa kijiko cha matundu. Soda hiyo ndiyo inayoleta wekundu na ladha, yai la kupaka juu la nini? Lakini nitafutie sufuria isiyo ya alumini! Ya ugali alumini, ya chai alumini, ya kukopa kwa jirani alumini. Ukitumbukiza soda humo, sufuria inageuka nyeusi, na kilichobanduka unakila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Hata trei itandike karatasi ya kuokea, na karatasi uipake mafuta, la sivyo utakula mkate na kanga yake.

Chana tumbo, yaani ule mpindo wa chini, kwa wembe, nyunyiza chumvi ya mawe, oka kwa nyuzi 220 dakika 12 hadi 15. Wa jiko la mkaa: makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Ukigeuza, chini mkaa, juu mbichi.

Za kesho usizitie chumvi kabisa; ukizifunga mfukoni inavuta maji, inayeyuka, ngozi inalowa na kukunjamana. Kama za kesho zitakuwepo, kwa watoto hawa wa uani.