Ruzuku za Kilimo Marekani: Majina Hadharani, Hesabu Nusu

Tangu mwaka 2001, shirika la Environmental Working Group limekuwa likichapisha kwenye intaneti malipo ya ruzuku ya kilimo nchini Marekani, jina kwa jina, kutokana na kumbukumbu lilizozipata serikalini kwa sheria ya uhuru wa habari. Mtu akitaka kujua jirani yake amelipwa kiasi gani, anajua. Hoja ya watetezi wa orodha hiyo inaeleweka upesi na ni vigumu kuipinga: fedha ni za mlipakodi, na anayezipokea hana sababu ya kufichwa.

Upande wa mkulima husikilizwa kwa nadra, kwa kuwa anayelalamikia orodha hudhaniwa ana la kuficha. Lakini tuutazame mstari mmoja wa orodha hiyo: jina, mji, mwaka, kiasi. Malipo ya kufidia kushuka kwa bei au mapato ya mahindi ya msimu wa 2019 hayakutolewa hadi Oktoba 2020, kwa sababu hesabu hufungwa baada ya mwaka wa mauzo kwisha. Hasara ya msimu mmoja basi huandikwa kama pato la mwaka unaofuata, na bei zikiwa zimepanda wakati huo, mkulima huonekana amelipwa juu ya faida. Mstari huo hautaji kodi ya shamba wala deni la mbegu na mbolea, na msomaji huusoma kama mshahara.

Takwimu inayopendwa zaidi katika mjadala huu ni ya marehemu. Mwaka 2007 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, inayolifanyia Bunge ukaguzi, iliripoti kwamba kati ya 1999 na 2005 Wizara ya Kilimo ililipa dola bilioni 1.1 kwa majina ya watu 172,801 waliokwisha kufariki. Idadi hiyo hurudiwa kana kwamba ni watu 172,801 walioibiwa majina yao makaburini. Sivyo. Kanuni ziliruhusu mirathi kuendelea kupokea malipo kwa muda, kwa kuwa shamba haliachi kulimwa siku mwenyewe anapozikwa, na warithi huhitaji nafasi ya kugawana mali. Wakaguzi hawakusema kwamba fedha zote hizo zilitolewa isivyo halali. Lawama yao kubwa ilikuwa kwamba wizara haikuwa ikihakiki mirathi hizo kama ilivyotakiwa. Ni kweli kwamba asilimia 40 ya fedha hizo ilikwenda kwa waliofariki miaka mitatu au zaidi kabla ya malipo, na hilo halitetewi kirahisi. Hata hivyo, uzembe huo ni wa ofisi, na aibu yake imebebwa na wakulima.

Ulaya ilikabiliana na swali hili mahakamani. Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uchapishaji wa majina ya wapokeaji ambao ni watu binafsi, kwa sababu sheria haikutofautisha aina, muda wala ukubwa wa malipo. Majina yalirudishwa kwa kanuni ya mwaka 2013, safari hii wanaopokea kiasi kidogo wakiachwa bila kutajwa. Huo, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa busara kuliko kufunga au kufungua kila kitu.

Lakini kasoro kubwa zaidi ya Marekani ni ya aina nyingine. Serikali hulipa, kwa wastani, zaidi ya nusu ya ada ya bima ya mazao, bila kikomo kwa mkulima mmoja, na sheria inakataza kutaja nani amenufaika na kwa kiasi gani. Malipo yenye kikomo yanaanikwa, yasiyo na kikomo yanafichwa. Mwenye maelfu ya ekari aliyejikinga kwa bima anaweza kuonekana mnyenyekevu kuliko jirani yake aliyefidiwa bei. Watetezi wa uwazi wangeanzia hapo, kwa kudai ruzuku ya bima nayo ichapishwe kwa jina, na kila malipo yaandikwe msimu wa zao na sababu yake, badala ya kuendelea kuchambua majina yaleyale ambayo tayari kila mtu anayaona.