Mike alitoka kwanza

Wengi walioukataa The Emptiness Machine, wimbo uliowarudisha Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, waliusikiliza wakiwa na swali moja tu kichwani: huyu dada anamfikia marehemu Chester? Kwa maoni yangu swali lenyewe lilikosewa, na Linkin Park walishalijibu kabla Emily Armstrong, mwimbaji wao mpya, hajafungua kinywa.

Ilikuwa tarehe 5 Septemba 2024, onyesho mubashara mtandaoni. Chester Bennington, mwimbaji wao mkuu, alifariki Julai 2017, na kwa miaka hiyo saba wengi wetu tulishakubali kimoyomoyo kwamba bendi ndiyo imekwisha. Sasa wamerudi, kwenye ngoma amekaa Colin Brittain badala ya Rob Bourdon, na wanapiga singo ambayo tulikuwa hatujawahi kuisikia.

Usikilize tena taratibu. Gitaa linaingia, na anayeimba ni Mike Shinoda, rapa wa bendi. Anaimba kabisa, hachani mistari kama tulivyomzoea. Ubeti wa kwanza ni wake, kiitikio cha kwanza ni chake. Ndipo kwenye ubeti wa pili tunamsikia Emily, na kiitikio kinaporudi anakipandisha mpaka koo linakwaruza. Wimbo wote ni dakika tatu na sekunde chache. Kwa muda mfupi hivyo, bendi nyingine ingemsukuma mgeni mbele tangu mwanzo ili watu washtuke. Hapa mwenyeji katoka kwanza, katukaribisha, halafu ndiyo akamshika mgeni mkono. Nyumba iliyofiwa inafunguliwa hivyo. Nilipouelewa mpangilio huo nililia, na sioni aibu kusema.

Na mapokezi? Uingereza ulifika nafasi ya 4, juu kuliko singo yao nyingine yoyote katika chati ya nchi hiyo, hata In the End, wimbo wao maarufu wa zamani. Kwa muziki wa nu metali, yaani metali iliyochanganywa na rap, ambao watu walishauzika zamani, hilo si jambo dogo.

Lawama nazo hazikuchelewa. Baadhi hazikuhusu muziki kabisa: siku chache tu baadaye Emily alilazimika kueleza hadharani kwa nini aliwahi kwenda mahakamani kumuunga mkono rafiki aliyekuwa akikabiliwa na mashtaka ya ubakaji, akakiri kwamba alikosea kumwamini. Hilo silipuuzi, na anayeacha kusikiliza kwa sababu hiyo namwelewa vizuri. Ninayebishana naye ni yule anayesema bendi ilipaswa kubaki kimya milele kwa heshima ya marehemu. Mike na wenzake nao walifiwa. Walimpoteza mtu waliyesimama naye jukwaani tangu 1999, na riziki yao na faraja yao ni huo huo muziki. Tukiwaambia wasiimbe tena, wakae wapi na huzuni yao?

Kaka yangu mkubwa alikuwa upande huo. Ndiye aliyenipa Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, nikiwa mdogo, CD ya kuchoma, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na herufi moja imekosewa. Wimbo mpya ulipotoka alikataa hata kuugusa. Nikamtumia kwa WhatsApp bila neno lolote. Alama za buluu zikaonekana, kisha kimya siku tatu.

Siku ya nne, usiku, akaandika: “Kumbe anaanza Mike.”