Polisi wa mtaa kukataa kazi ya ICE sio kufuga wahalifu

Kila nikipiga simu nyumbani na stori zikaingia kwenye wahamiaji wa Marekani nakutana na swali lile lile: inakuwaje polisi anamkamata mtu, anajua kabisa jamaa hana makaratasi, alafu anamwachia aende zake badala ya kumkabidhi kwa ICE, idara ya serikali kuu inayokamata wahamiaji? Si ndo kufuga wahalifu huko? Naelewa swali linatoka wapi, kwetu Tanzania polisi ni wamoja, IGP akisema msako basi ni msako kuanzia Sirari mpaka Tunduma, na afisa uhamiaji anapanda difenda moja na askari wa kituo. Huku haiko hivyo. Polisi wa Houston, Texas, ni wa jiji la Houston, sherifu, yule mkuu wa polisi na jela ya kaunti, kapigiwa kura na watu wa kaunti yake, na Washington haina ubavu wa kuwaamrisha wafanye kazi za serikali kuu. Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo 1997 kwenye kesi ya Printz, ambayo wala haikuhusu wahamiaji, ilihusu bunduki, walioshinda walikuwa masherifu waliogoma kutumwa na serikali kuu kuchunguza rekodi za wanunuzi wa bastola. Leo ushindi wao unatumiwa na miji inayoigomea ICE, ambayo masherifu wale wangeikimbia kwa viatu mkononi.

Ndo maana kuna kitu kinaitwa 287(g), kifungu kilichoingizwa kwenye sheria ya uhamiaji 1996, kwamba polisi wa chini wakitaka wenyewe wanasaini mkataba na serikali kuu na askari wao wanapewa baadhi ya mamlaka ya uhamiaji. Wakitaka. Mwanzoni mwa 2025 mikataba ilikuwa kama 135 nchi nzima, kabla mwaka haujaisha ikavuka 1,000.

Sasa kuna kitu wanaolaumu hawakijui, au wanakijua wanakaa kimya. Mtu yeyote akiingizwa jela ya kaunti anachukuliwa alama za vidole, zinaenda FBI, na kutoka FBI zinaenda mpaka kwa watu wa uhamiaji, iwe mji unaowatetea wahamiaji au unaowachukia, mfumo huo ulianza kusambazwa toka 2008. Kwahiyo ICE wanajua nani yuko ndani. Ugomvi uko kwenye ile karatasi wanayomtumia sherifu, kwamba huyu ukimaliza naye tushikie mpaka masaa 48 tuje tumchukue. Hiyo ni ombi, hakuna hakimu aliyeisaini. Na 2014 mahakama ya shirikisho kule Oregon ikasema kaunti ya Clackamas ilivunja katiba kwa kumweka mama mmoja ndani kwa karatasi hiyo tu. Baada ya hapo masherifu wengi wakapoa, na wala sio huruma, ni kuogopa kushtakiwa.

Ila sababu kubwa ya mapolisi wengi wa miji kukataa ni nyingine kabisa, na namba inayonisumbua mimi mpaka leo ni ya hapa hapa Houston. Aprili 2017 mkuu wa polisi wakati ule, Art Acevedo, alitoka akasema kesi za ubakaji zilizoripotiwa na Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka zimeshuka kwa asilimia 42.8 ukilinganisha na miezi ile ile ya mwaka uliopita. Kwa wasio Walatino zimepanda asilimia 8.2. Mtu asiye makini anaweza kushangilia, ubakaji umepungua! Lakini jiulize, wabakaji wa mtaa mmoja wamepumzika kwa pamoja, na ni wale wa Walatino tu? Kilichopungua ni watu kufika kituoni. Yaani kuna wanawake wametendewa, wamerudi nyumbani wameoga, wamekaa kimya, na aliyewatenda yuko nje, na huyo hachagui, kesho anaweza kumpata raia mwenye pasipoti ya Marekani.

Niiseme na kasoro yake, ni miezi mitatu tu, sio utafiti, na kipindi kile kulikuwa na mambo mawili kwa pamoja, Trump kaingia Januari na Texas inapika sheria yake ya SB 4, ya kuwabana polisi wa miji washirikiane na uhamiaji. Alafu kuna pingamizi zuri zaidi, kwamba polisi wa Houston hawakuwa hata wanafanya kazi ya uhamiaji na bado watu waliogopa, sasa wakiifanya kuna cha kupoteza tena? Nimelifikiria sana hili. Kipo. Mkuu wa polisi alikuwa bado anaweza kusimama mbele za watu akasema sisi hatuulizi makaratasi, na likawa neno la kweli. Ukishasaini mkataba wa barabarani, ile 287(g) inayompa askari wa doria kazi ya uhamiaji, huna tena la kusema.

Hofu yenyewe nimeiona kwa jirani yangu, mama mmoja Mrundi, mbeba boksi mwenzetu wa zamu ya usiku, yeye na watoto wote wana grinkadi, kibali cha kuishi huku. Wezi walimvunjia mlango wa nyuma wakabeba TV na hela ya kodi. Nikamwambia dada, piga 911. Akaniangalia tu. "Kaka, na yule kijana niliyemhifadhi mule ndani nitamweka wapi?" Akanunua komeo jipya, basi.

Na ukitaka kuona polisi aliyegeuka uhamiaji anaishia wapi, nenda kaunti ya Maricopa, Arizona, kwa Joe Arpaio aliyekuwa sherifu wa huko. 2007 askari wake walisimamisha gari, dereva mzungu akaachiwa, abiria, mtalii wa Mexico mwenye viza halali mfukoni, akapigwa pingu akakaa masaa. Kesi hiyo ikaja kuzaa hukumu ya 2013 kwamba ofisi nzima ilikuwa inabagua watu kwa sura. Miaka hiyo hiyo ya misako ofisi ile ilikuwa na kesi zaidi ya 400 za makosa ya ngono, nyingi za watoto, ambazo hazikupelelezwa inavyotakiwa. Sisemi moja imezaa nyingine moja kwa moja. Ila askari ni wale wale na siku ina masaa 24.

Upande wa pili nao una hoja. San Francisco 2015, jamaa aliyekuwa kafukuzwa nchini mara tano alishikwa kwa kesi ya zamani ya bangi, kesi ikafutwa, ICE walikuwa wamemuomba, sherifu akamwachia, na miezi miwili na nusu baadaye risasi ya bastola aliyoishika ikamuua binti aliyekuwa anatembea gatini na baba yake. Mahakama ilimtoa kwenye kosa la mauaji, lakini mwambie hivyo baba wa yule binti. Na ICE wanasema jambo ambalo siwezi kulipinga: ukikataa kunipa mtu mlangoni mwa jela, nitamfuata nyumbani kwake asubuhi, na nikifika nitawakuta na wengine ambao sikuwatafuta. Kwa hiyo mimi mlango wa jela siugombei, mtu kakamatwa kwa kosa lake, mkabidhiane, ila hakimu asaini. Texas wamepitisha sheria 2025 inayowataka masherifu wenye jela waingie mkataba wa 287(g), na kama ingeishia jela tu ningenyamaza.

Kinachonitisha ni ule mkataba wa barabarani, uliokuwa umefutwa 2012 ukarudishwa 2025, na toka Oktoba 2025 serikali kuu inarudisha mshahara wa kila askari aliyefunzwa, kwahiyo mji wenye njaa utasaini tu. Mafunzo yenyewe ni masaa 40 kwenye kompyuta. Mkongomani akiletwa huku kama mkimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu, mwaka wake wa kwanza hana grinkadi, haruhusiwi hata kuiomba kabla mwaka haujatimia, alichonacho ni karatasi ya I-94, ile ya kuonyesha aliingia nchini kihalali, na wengi wanaikunja mara nne ndani ya pochi. Yuko halali kabisa. Taa ya nyuma imeungua, polisi kampiga mkono saa tano usiku, Kiingereza hana, anaitoa ile karatasi.