Dredi kwenye kazi ya sura: kinachomridhisha bosi ndicho kinachomaliza nywele za paji

Mwanamitindo, mhudumu wa ndege, mtangazaji wa televisheni na mpokezi wa hoteli wanafanana kwa jambo moja: sura yao ni sehemu ya kile mwajiri anacholipia. Mmoja wao akitaka kufuga dredi asilia, huyu atazungumzia haki na utambulisho, yule atazungumzia taswira ya kampuni. Kila upande una hoja, ila wote husahau nywele zenyewe. Nywele zina ratiba yao, na ratiba hiyo haisomi mkataba wa mtu.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno "asilia". Kwa wengine maana yake ni nywele zisizo na dawa wala za kuunganisha, zilizogawanywa vizuri na kusokotwa na msusi. Kwa wengine ni kuacha kitana kabisa, nywele zijifunge zitakavyo. Kazini hayo ni mambo mawili tofauti. Dredi za kusokota huanza na viraba vya upana wa karibu sentimita 2.5, na kichwa kizima hutoa kati ya 60 na 100. Dredi za kuachia hujipangia unene: moja kama penseli, jirani yake kama kidole gumba, na zisipotenganishwa kwa vidole kila zinapooshwa huungana mashinani mpaka zitengane kwa mkasi tu. Anayedai za kuachia kwenye kazi ya mapokezi anaomba kitu kikubwa kuliko anayedai za kusokota, na ni vizuri ajue hivyo kabla ya kuingia ofisini kwa meneja.

Sasa ratiba. Kwa nywele za kipilipili, miezi mitatu ya mwanzo huwa ya amani: misokoto ni mipya, mistari inaonekana, picha zinatoka safi. Kuanzia mwezi wa tatu hivi hadi wa tisa, wakati mwingine hadi mwaka, dredi huvimba katikati, hupungua urefu, hutoa manyoya na kusimama kila upande. Mtu asiyejua hudhani msusi ameharibu. La hasha, huo ndio mfungano wenyewe unaotokea ndani: nywele zinazokatika na kudondoka hubaki mle, zinajiviringisha na nyingine, na dredi inajaa. Kati ya mwezi wa 12 na wa 18 zinaanza kuwa nzito, zinaning'inia na manyoya yanapungua. Kwa hiyo mgogoro wa kazini, ukiuangalia kwa makini, hauhusu dredi zilizokomaa. Unahusu miezi sita au tisa ya katikati.

Na kamera haina huruma na miezi hiyo. Studio nyingi huweka taa nyuma ya mtangazaji ili kichwa kitengane na mandhari. Taa hiyo hupita kwenye manyoya ya dredi changa na kuyageuza duara la mwanga, kila unywele ukihesabika. Kichwa ambacho mezani kinaonekana nadhifu kabisa, kwenye skrini kinaonekana hakijaguswa wiki nzima. Mkurugenzi anayelalamika anaweza kuwa ana chuki, lakini anaweza pia kuwa anaona kitu ambacho kioo cha bafuni hakikuonyeshi.

Hapa ndipo mtego ulipo. Ili kumtuliza bosi, mfanyakazi huanza kusokota mashina kila wiki. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Ndani ya siku saba hakuna nywele mpya ya kusokota, kuna robo ya sentimita tu. Kinachokazwa ni shina lilelile lililokazwa juma lililopita. Nywele za paji na za pembeni mwa masikio ndizo nyembamba kuliko zote, ndizo zinazokwenda kwanza. Dalili huanza mapema: vipele vidogo kwenye mashina, kichwa kuuma usiku wa kwanza, kisha dredi ya mbele inayoning'inia kwa nyuzi chache. Mvuto ukikoma mapema nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, vinyweleo hufa na paji hubaki wazi. Mhudumu anayelazimika kubana fundo la nguvu kila zamu anabeba mvuto juu ya mvuto.

Kipimo kinachofaa ni wiki nne hadi sita kati ya msokoto na msokoto, nywele zikiwa na unyevu, maana zikiwa kavu hukatika. Katikati ya hapo, unadhifu utafutwe kwingine: kitambaa cha satini kikifungwa kichwani dakika 15 baada ya kupaka jeli nyepesi ya shubiri kwenye mstari wa mbele tu, au mtindo unaoficha mashina, kama kulaza dredi nyuma kwa misokoto miwili bila kuibana sana. Nta iachwe kabisa. Haitoki kwa maji, inakamata vumbi na nyuzi za mto, na baada ya miezi kadhaa dredi nyeusi inakuwa na kiini cha kijivu ambacho hakuna shampuu inayokifikia.

Anayetoka jasho sana au anayeosha nywele mara nyingi, mathalani mcheza dansi, hufaa kufuma mashina kwa sindano badala ya kusokota, kwa kuwa maji hayafumui. Kazi hiyo hukaa wiki sita hadi nane. Kasoro yake: msusi akipitisha ncha upande mmoja kila mara, shina hufunguka tundu, na dredi hugawanyika kama uma.

Upande wa mwajiri, ziko hoja zinazostahili kusikilizwa. Filamu hupiga picha za tukio moja kwa siku zilizotengana wiki kadhaa, na dredi changa hubadilika ndani ya muda huo. Mwanamitindo huitwa kwa sababu kichwa chake kinaweza kugeuzwa asubuhi hii kuwa hiki na kesho kuwa kile. Dredi humfungia mlango huo. Wigi juu ya dredi 80 nene hutuna kama kofia ya pikipiki, isipokuwa zimelazwa bapa kwa ustadi. Huo si ubaguzi, ni hasara ya kazi, na anayefuga dredi aihesabu. Kuna faida pia: mwenye dredi zilizokomaa anatambulika kwa haraka, na anayetafuta sura hiyo hana wa kumbadilisha naye.

Zisizostahili ni hoja za vivumishi. "Chafu", "si za kiofisi", "hazivutii": maneno haya hayapimiki, kwa hiyo hayatimiziki. Jeshi la nchi kavu la Marekani ni mfano mzuri kwa pande zote mbili. Kanuni zake za mwaka 2014 zilikataza dredi na kutumia maneno yenye maana ya nywele zilizotimka na kugandamana. Baada ya malalamiko, maneno hayo yaliondolewa. Januari 2017 wanawake wakaruhusiwa dredi, kwa masharti ya kipimo: ziwe na ukubwa sawa, unene usiozidi nusu inchi. Unaweza kubishana na nusu inchi, lakini angalau rula inatosha kumaliza ubishi.

Mahakama nazo hazijasema kwa sauti moja. Afrika Kusini, mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Rufaa iliwaunga mkono askari magereza wanaume waliofukuzwa kwa kukataa kukata dredi. Jambo lililoiumbua idara ni kwamba askari wa kike waliruhusiwa kuwa nazo. Marekani, mwaka 2016, mahakama moja ya rufaa ya shirikisho ilimpa ushindi mwajiri aliyefuta nafasi ya kazi aliyokuwa amempa mwanamke mwenye dredi, kwa hoja kwamba mtindo wa nywele hubadilishika, rangi ya ngozi haibadilishiki. California ikajibu kwa sheria ya CROWN mwaka 2019, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya mtindo wa nywele, iliyotaja dredi waziwazi kuwa sehemu ya kinacholindwa. Hoja ya "hubadilishika" ni dhaifu kwa anayejua dredi: kuzibadilisha ni kuzikata.

Kwa anayeamua kuanza, tarehe ya kuanza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hesabu ili mwezi wa tatu hadi wa tisa wa dredi uangukie msimu wenye kazi chache. Anza na misokoto ya nyuzi mbili badala ya ile inayoviringishwa kwa kitana, maana hukaa nadhifu muda mrefu zaidi, ingawa alama ya nyuzi mbili itaonekana kwa miezi. Mweleze mwajiri kabla, ukiwa na picha za kila hatua na tarehe za kusokota. Soma kipengele cha mkataba kinachokataza kubadili mwonekano bila taarifa. Wanamitindo wengi wanacho. Osha kila baada ya wiki moja au mbili, na usifunge dredi zikiwa mbichi ndani: nene huweza kukaa na maji saa nyingi baada ya nje kukauka, na uvundo wa ukungu ni malalamiko ambayo hakuna sheria itakayokutetea. Draya ya saluni, ile unayokaa chini yake, ni bora kuliko taulo.

Na ikibidi kuziacha, si lazima kunyoa hadi ngozini. Dredi hukatwa sentimita nne au tano juu ya shina, kisha kipande kilichobaki hulowekwa kwa mafuta au kiyoyozi cha nywele na kufumuliwa kwa kitana cha mkia, kuanzia nchani. Kufumua zote bila kukata kunawezekana, lakini ni kazi ya siku kadhaa. Rundo la nywele litakalobaki sakafuni litatisha. Sehemu kubwa yake si nywele zilizong'oka siku hiyo. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kila siku, na zile za miaka yote zilikuwa bado zimo ndani.